Mwongozo kamili wa kazi ya mwanaakiolojia Unguja na Pemba: kutoka darasani hadi ripoti

Mambo ya kale ya Zanzibar yakitajwa, wengi hukumbuka Ngome Kongwe, Beit el Ajaib na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe. Hizo ni karne za karibuni. Watu waliojenga maisha ya visiwa hivi walikuwepo zamani sana kabla yake. Unguja Ukuu palikuwa na makazi tangu karne ya 6 au ya 7. Pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, lina mabaki ya wawindaji wa takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati Unguja ilikuwa bado imeungana na bara. Pemba ilikuwa kisiwa muda wote huo kwa sababu mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kikubwa.

Wengi wa watu hao hawakuacha mawe wala maandishi. Waliishi katika nyumba za fito na udongo, wakapikia vyungu vya kufinyanga, wakatupa mifupa ya samaki na makombe jaani. Kwa hiyo anayetaka kuzijua jamii za wenyeji lazima ajue kulisoma jaa. Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: kigae cha chungu cha kienyeji, hata kisicho na nakshi, ndicho shahidi mkuu wa kazi hii, kwa kuwa ndicho kinachojaa kila shimo. Kigae cha China kitakupa tarehe, lakini habari za jikoni utazipata kwa kigae cha mfinyanzi wa hapa.

Masomo

Skuli, shika historia na jiografia, lakini usiitupe hisabati, na ukiweza endelea na biolojia au kemia. Wanafunzi wengi wa sanaa hukwama baadaye kwenye takwimu, mifupa na udongo. Kiingereza kinahitajika kwa kuwa ripoti nyingi za visiwa hivi zimeandikwa kwa lugha hiyo. Kiarabu nacho kina faida yake. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi (mtindo wa kale wa hati za Kiarabu) ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na anayejua kuyasoma mwenyewe hategemei picha ya mtu mwingine. Angalizo hapo hapo: sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya karne ya 18. Tarehe iliyochongwa ukutani haitoi umri wa kila ukuta.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu 1985, na shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu. Mzanzibari anaweza kuomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Ukiwa chuoni chagua mapema utaalamu mmoja wa maabara: vyungu, mifupa ya wanyama, mabaki ya mimea, au ramani za kompyuta. Kuchimba wanajua wengi. Anayeweza kutambua mfupa wa changu na wa tasi, au punje iliyoungua ya mpunga na ya uwele, hao ni wachache, na huyo ndiye anayeitwa kila mradi unapoanza.

Usisubiri chuo kikupeleke uwandani. Nenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, omba kujitolea ghalani. Kuosha na kupanga vigae kwa miezi miwili kutakufundisha macho kuliko muhula mzima wa mihadhara.

Zana zako mwenyewe

Mradi utatoa sururu, sepetu, makarai na chekeche. Wewe uwe na mwiko wa mwashi wenye bapa la inchi 4 au 5, uliofuliwa kipande kimoja na shina lake. Ule wa kuchomelewa huvunjika shingoni kwenye udongo mkavu. Ongeza futi kamba ya mita 5, pima maji ndogo ya kuning'iniza kwenye uzi, timazi, brashi laini, penseli ngumu, daftari la karatasi za milimita na bomba la kunyunyizia maji. Bomba hilo la bei ndogo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: udongo ukikauka rangi zote hufanana, ukinyunyiziwa tofauti hujitokeza.

Kibali, kisha shehia

Mambo ya kale si suala la Muungano. Kibali cha Bara hakikuruhusu kuchimba Unguja wala Pemba. Unahitaji kibali cha utafiti cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na ridhaa ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Andaa maombi yanayoeleza swali la utafiti, ramani ya eneo, idadi na ukubwa wa mashimo, nani atahifadhi vitu, na fedha za kufukia. Sehemu ya mwisho ndiyo wengi husahau, na ndiyo huwaudhi wenyeji miaka mingi baadaye.

Ukishapata karatasi, nenda kwa sheha kabla ya kukanyaga shamba. Kisha mwenye shamba, kisha wazee wa msikiti ulio karibu. Piga hodi, amkia, kaa, eleza, usiwe na haraka. Kubaliana kwa maandishi, mbele ya sheha, juu ya fidia ya kila shina la muhogo na kila mche utakaoharibika, na vihesabiwe kabla ya kamba kuvutwa. Pango na magofu mengi bado yana watu wanaoyaheshimu: Kuumbi watu huenda kuomba, na penye kaburi la mtu mwema huenda kusoma. Uliza wapi pa kuvua viatu, wapi pasipoguswa, siku gani kazi isimame.

Utaulizwa kama unatafuta hazina. Swali hilo lina sababu: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, ilichimbuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, iliyofukiwa karne ya 11. Dawa ya uvumi ni uwazi. Ajiri vijana wa shehia hiyo hiyo, waache watu wachungulie shimo, onyesha vilivyopatikana kila jioni, na usichimbe hata ncha ya mwiko baada ya jua kutua.

Kupekua ardhi

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita. Vuli za Oktoba hadi Disemba hujaza mashimo maji na kuangusha kuta.

Kwenye mashamba ya muhogo tembeeni kwa mstari, mtu na mtu mita 10, macho chini. Matuta hupandisha vigae juu, kwa hiyo hapo uso wa ardhi unasema. Kwenye mikarafuu ya Pemba majani yamefunika kila kitu na kutembea peke yake hakutoshi. Chimba vishimo vya sentimita 50 kwa 50 kila baada ya mita 50, upitishe udongo wote kwenye chekeche. Kwenye uwanda wa mawe upande wa mashariki wa Unguja udongo ni haba, tafuta kwenye mifuko ya udongo kati ya miamba na kwenye midomo ya mapango. Usiondoke ufukweni bila kutazama kingo zinazoliwa na bahari. Tabaka jeusi lenye makombe na vigae katika ukingo huo ni jaa lililokatwa bure bila jembe.

Kosa la ramani hapa ni kubwa na linarudiwa. Ramani za zamani za Tanzania zimefuata mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, na simu au GPS hutoa mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya, kila kituo chako kitahama karibu mita 300, yaani makazi ya ufukweni yataangukia kijiji kingine au baharini. Andika juu ya kila fomu mfumo na kanda ya gridi ya ramani (UTM): WGS84, UTM kanda ya 37 kusini. Kisha hakiki kwa kusimama kwenye alama inayojulikana, kama pembe ya msikiti, na kulinganisha.

Kuchimba shimo la majaribio

Shimo la kuanzia liwe mita 1 kwa 2. La mita 1 kwa 1 linatosha kujua kina, lakini ni finyu mno kutambua sakafu. Piga vigingi vinne, vuta uzi, kisha pima mshazari: katika mita 1 kwa 2 uwe mita 2.24. Ukiwa tofauti, shimo lako limepinda na michoro yote itapinda nalo. Chagua kigingi kimoja nje ya shimo, upande wa juu wa mteremko, kiwe nukta ya kupimia kina. Uzi wa pima maji usizidi mita 3, ukizidi hulegea katikati na kukuibia sentimita mbili tatu bila kujua.

Ondoa majani na safu ya jembe, sentimita 15 hadi 20, lakini nayo ichekechwe. Kisha shuka sentimita 10 kwa 10. Rangi au ugumu wa udongo ukibadilika kabla hujafika 10, simama hapo, funga tabaka, anza jipya. Kuchanganya matabaka mawili ili tu ufikishe kipimo ndiyo dhambi kubwa ya kazi hii, kwa sababu haiwezi kurekebishwa. Ukifika sakafu ya udongo uliopigwa, punguza hadi sentimita 5, acha sururu, shika mwiko ulionolewa na uvute kuelekea kwako kwa bapa lake.

Hesabu ndoo. Tabaka la sentimita 10 katika mita 1 kwa 1 ni lita 100 za udongo uliokaa. Ukichimbuliwa huvimba na kufika kama lita 120 au 130, yaani ndoo 12 au 13 za lita 10; katika shimo la mita 1 kwa 2 zidisha mara mbili. Ukihesabu 20 katika mita 1 kwa 1, umevuka kina au umekula ukuta. Hesabu hiyo pia ndiyo itakayokuwezesha kusema shimo hili lina vigae vingi kwa lita kuliko lile.

Vitu vinavyotupwa na wanaoanza, na visivyostahili kutupwa:

- Mabonge ya udongo ulioungua yenye alama za fito. Huo ni ukuta wa nyumba iliyoshika moto, na mara nyingi ndio ushahidi pekee kwamba hapo palikuwa na nyumba.
- Mavi ya chuma (takataka za chuma zilizobaki motoni) na vipande vya bomba la mvukuto. Ni kiwanda cha mhunzi.
- Vigae vyenye mifereji iliyosagika. Tumbe, kaskazini ya Pemba, vimepatikana kwa wingi. Vilitumika kusagia shanga za kombe.
- Madoa meusi ya mviringo, sentimita 10 hadi 20. Ni mashimo ya nguzo. Yachore kwanza, kisha kata nusu yake tu uone umbo lake ubavuni.

Karibu na pwani adui mkubwa ni kaa wa nchi kavu. Shimo lake hushusha shanga ya leo hadi tabaka la miaka elfu. Utalijua kwa udongo laini, mweusi, wa mviringo, na vigae vilivyosimama wima badala ya kulala. Lichimbe peke yake, lipe namba yake, na usichukue hata punje ya mkaa humo kwa ajili ya tarehe. Mizizi ya mnazi na njia za mchwa hufanya uharibifu kama huo.

Mchanga wa pwani huanguka bila taarifa. Shimo likifika mita 1.2, panua juu kwa ngazi au usimamishe. Lundo la udongo liwe mita moja au zaidi kutoka ukingoni. Mtu asiwe shimoni peke yake, na jioni zungushia kamba na makuti, kwani ng'ombe na watoto hupita hapo.

Ukikutana na mfereji mwembamba uliokatwa mashariki kwenda magharibi, wa urefu wa mtu, simama. Kibla chetu ni kaskazini, na kaburi la Kiislamu hapa hulala hivyo, maiti ubavu wa kulia na uso kaskazini. Funika, mwite sheha na afisa wa Idara, hamisha shimo. Usipige picha za mifupa kwa ajili ya mtandao. Zaidi ya sheria kuna heshima ya watu wenye kaburi lao, na mradi ukiivunja mara moja, kijiji kizima hakitakupokea tena.

Chekeche na maji

Tumia chekeche la milimita 5 kwa udongo wote. Robo ya kila tabaka ipite pia la milimita 2. Shanga za kioo za Bahari ya Hindi nyingi zina kipenyo cha milimita 2 hadi 4, na mifupa ya samaki wadogo ni midogo zaidi; chekeche la milimita 5 likiwa peke yake litakuonyesha kijiji kisichovaa shanga wala kula dagaa, na utaandika uongo kwa nia njema.

Kutoka kila tabaka weka kando lita 20 hadi 40 kwa ajili ya kuzifanya mbegu zielee majini. Mimina udongo taratibu katika pipa la maji, koroga kwa mkono, vilivyoungua huelea, wacha vimwagikie kwenye kitambaa chenye matundu ya milimita 0.3. Tumia maji ya kisima yasiyo na chumvi; chumvi ikikauka ndani ya mbegu huipasua. Anika kivulini, si juani. Kazi hii inachosha na ndiyo inayoachwa ya kwanza fedha zikipungua, lakini bila hiyo tusingejua kwamba Pemba ya Tumbe, karne ya 7 hadi ya 10, ilikula uwele zaidi, na kwamba Chwaka, jirani yake iliyofuata baada ya mwaka 1000, iligeukia mpunga. Wali wa visiwa hivi una historia, na historia hiyo imetoka kwenye pipa la maji.

Lebo

Kila mfuko uwe na lebo mbili, moja ndani na moja nje. Ya ndani iandikwe kwa penseli kwenye kadi na iwekwe kwenye kifuko chake, kwa sababu kalamu ya wino hufifia juani na karatasi huoza kwa unyevu. Andika: jina la eneo, mwaka, shimo, tabaka, kina, aina ya kitu, tarehe, herufi za jina lako. Mfano: Shimo 2, Tabaka 4, sm 30–40, vigae. Mfuko usio na lebo una vigae tu. Shahidi hayumo tena.

Ghalani

Kwa kila mwezi wa kuchimba panga miezi miwili au mitatu ya ghalani. Osha vigae kwa brashi laini na maji matupu, isipokuwa vyenye mabaki ya chakula yaliyoganda ndani: hivyo funga kwa karatasi ya aluminiamu bila kuvigusa kwa vidole, ili mafuta yake yapimwe. Anika kivulini siku mbili tatu. Ukifunga vikiwa na unyevu, ukungu utakuwa umevila kabla ya masika.

Panga mafungu. Vigae chini ya sentimita 2 hesabu na pima uzito, basi. Vikubwa tenga midomo, shingo, mabega na vitako. Mdomo pima kipenyo kwa chati ya duara, ila ukiwa chini ya asilimia 5 ya duara lote usipime, jibu lake si la kuaminika. Vipande visivyo na nakshi navyo viandikwe: unene, aina ya mchanga uliochanganywa, na masizi yako wapi. Masizi ya kitako na tumbo ni ya chungu cha kupikia. Chombo kisicho na masizi huenda kilishika maji au nafaka.

Kwa tarehe za haraka, kumbuka haya. Vyungu vya kienyeji vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni na kujazwa mistari ni vya karne ya 6 au 7 hadi ya 10, na vinafanana kuanzia Kenya hadi Msumbiji na bara ndani, jambo ambalo limewasaidia wataalamu kuonyesha kuwa miji ya pwani ilikua kutoka kwa wenyeji wenyewe. Mitungi mizito ya rangi ya samawati-kijani kutoka Ghuba nayo ni ya kipindi hicho hicho. Bakuli zilizochorwa kwa kuchanwa chini ya rangi ni za karne ya 11 na 12. Nyeusi juu ya manjano, kutoka Yemen, ni karne ya 13 na 14. Vyombo vya kijani vya Longquan, China, ni vya karne ya 13 hadi 15, kisha huja buluu na nyeupe.

Kwa mkaa wa kupeleka maabara kupimwa umri kwa kaboni, chagua mbegu iliyoungua badala ya kipande cha boriti. Mti ulioishi miaka 150 kabla ya kukatwa utakupa tarehe ya ukuaji wake, si ya moto wa jikoni. Kombe la baharini lina tatizo lingine: kaboni ya bahari ni kongwe, na bila marekebisho tarehe hutoka kubwa kwa karne kadhaa. Sampuli moja hugharimu mamia ya dola, kwa hiyo peleka tatu nzuri kutoka matabaka safi badala ya kumi za kubahatisha.

Ripoti na ajira

Ripoti iwe na mchoro wa kuta zote nne za shimo kwa kipimo cha 1:10, jedwali la vigae kwa hesabu na uzito, na mahali vitu vilipohifadhiwa. Nakala moja Idara, na muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili upelekwe kwa sheha na skuli ya karibu. Usiandike kwenye muhtasari huo mahali hasa palipopatikana sarafu au dhahabu.

Ajira ya moja kwa moja ni chache: Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, vyuo, na miradi ya watafiti kutoka nje. Nafasi nyingine ipo kwenye tathmini za athari za mazingira, kabla ya hoteli au barabara kujengwa. Hapo mwanaakiolojia hupewa siku chache tu, kwa hiyo mbinu za vishimo vya sentimita 50 ndizo zitakazokulisha. Mwenye cheti cha kuzamia anaongeza mlango wa mabaki ya vyombo na bandari za kale. Unapojiunga na mradi wa wageni, dai mambo mawili katika mkataba kabla ya kusaini: jina lako liwe kwenye chapisho kwa kazi uliyofanya, na vigae vyote virudi Zanzibar pamoja na nakala za fomu na picha.

Siku ya mwisho ya shimo, tandika turubai au gunia la plastiki chini kabisa, weka juu yake sarafu ya mwaka huo, kisha fukia na ushindilie kila sentimita 30. Atakayechimba hapo baadaye ataikuta sarafu na kujua wewe uliishia wapi. Mwenye shamba naye atapanda muhogo wake bila shimo kumzama miguuni masika yakiingia.